Uliza kwa Mwalimu: Babu hakuingia Kampala siku ile

Safu ya barua za wasomaji kuhusu kuandika, kusoma na kusimama mbele za watu. Anayejibu ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mjukuu wa kwanza wa mzee mmoja wa huku Mufindi, aliyefariki mwezi uliopita akiwa na miaka 72. Siku ya mazishi historia ya marehemu ilisomwa kwa dakika nne tu, maana mchungaji alikuwa na msiba mwingine wa kuwahi. Sasa arobaini inakaribia na familia imenitwika mimi kazi ya kuandika historia kamili, eti kwa kuwa ndiye niliyesoma. Hata sijaanza kuandika na tayari tumegombana.

Babu alikuwa dereva wa trekta kwenye mashamba ya chai. Mwaka 1978 alikwenda kwenye vita ya Kagera, ile ya kupigana na Idi Amin wa Uganda, kama mgambo, akarudi mwaka uliofuata. Vita yenyewe hakutusimulia. Tukimwuliza anasema, "Mimi nilikuwa na boza la maji," kisha anaongeza sauti ya redio. Baba zangu wadogo wanataka niandike kwamba alikuwa miongoni mwa walioiteka Kampala. Lakini msibani alikuja mzee mwenzake kutoka Njombe, akaniambia siku Kampala inaanguka wao walikuwa Masaka na magari yao, na Kampala waliiona siku ya nne.

Jambo la pili ni moto. Hapa kwenye mji wetu mdogo watu wanamjua kwa moto kuliko kwa vita. Kiangazi kizima viatu vyake vya mpira vilikaa mlangoni, vimeelekezwa nje. Kengele yetu ni rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mti wa shule. Ikigongwa mfululizo usiku, ni moto, na mgongaji ni yeye. Hakuwahi kulipwa hata shilingi. Septemba ikifika alipita nyumba kwa nyumba kuuliza nani anataka kuchoma shamba, akiwataka wamwite kwanza. Alikuwa mkali sana kwa habari ya maji. Kijana akimwagia moto maji ya kunywa alirudishwa nyumbani palepale. Alikuwa na kikombe cha bati, kila mtu anakunywa kimoja kwa zamu, yeye wa mwisho.

Jambo la tatu ndilo zito. Nikiwa darasa la tatu, babu mwenyewe alichoma majani kwenye kinyungu chake, yaani bustani yake ya bondeni, saa saba mchana, upepo ukageuka, moto ukapanda mpaka kwenye paina za mama mmoja mjane, jirani yetu. Ekari mbili zikaisha. Babu alilipa ng'ombe wawili na akampandia miti upya. Ni baada ya hapo ndipo alipoanza hizo kazi za moto. Wakubwa wanasema nikiliandika hilo nitakuwa nimemzika mara ya pili. Nifanyeje?
Mjukuu wa kwanza, Mufindi

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni sana na msiba.

Nimesikiliza historia za marehemu nyingi kiasi kwamba naweza kuzisoma nikiwa usingizini. Marehemu alizaliwa mwaka fulani, akiwa mtoto wa nne kati ya tisa. Alipata elimu ya msingi. Alifunga ndoa takatifu. Enzi za uhai wake alikuwa mcheshi na mwenye ushirikiano. Alianza kusumbuliwa na presha, akapelekwa hospitali, hali ikabadilika. Ameacha mjane, watoto na wajukuu. Bwana ametoa, Bwana ametwaa. Mimi mwenyewe niliwahi kumsomea mwalimu mwenzangu historia ya namna hiyo, na nilipofika kwenye "mcheshi" nikaona safu nzima ya mbele inatazamana, maana yule bwana hatukumwona akicheka tangu ahamie shuleni kwetu. Tangu siku ile nikiombwa kuandika nauliza kwanza: marehemu alikuwa akifanya nini kwa mikono yake?

Wewe hilo umelijibu kabla sijauliza. Barua yako ina rimu, viatu vya mpira na kikombe cha bati. Baba zako wadogo wana Kampala. Tuanze na Kampala, tuimalize.

Mwaka 1978 nilikuwa darasa la sita. Tarehe 2 Novemba tulisimama nje ya dirisha la jirani mwenye redio, watoto kwa watu wazima, tukimsikiliza Mwalimu Nyerere akisema kuhusu Amin kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo. Wiki zilizofuata malori na mabasi ya watu yakachukuliwa kwa ajili ya vita. Vijana wa mgambo wakaondoka, akiwamo kaka yangu mkubwa. Kwa hiyo ninachokueleza sikukitoa kwenye vitabu peke yake. Kaka alikwenda kwa miguu. Jeshi letu, sehemu kubwa yake, lilitembea. Daraja la Kyaka lilikuwa limelipuliwa na watu wa Amin, ikabidi kutafuta namna ya kuvuka Mto Kagera. Mutukula, pale mpakani, ikachukuliwa Januari 1979. Masaka ikaanguka tarehe 24 Februari. Tarehe 10 na 11 Machi ikawa kazi kubwa pale Lukaya, barabara imepita katikati ya kinamasi, na Walibya waliotumwa na Gaddafi wamekuja kumsaidia Amin. Entebbe tarehe 7 Aprili, Kampala tarehe 11. Kutoka Mutukula hadi Kampala kwa barabara ni zaidi ya kilometa 200. Mtu anayezitembea akiwa na bunduki, risasi na mzigo mgongoni, kitu cha kwanza anachokitafuta akisimamishwa si bendera. Kaka yangu hata leo hakumbuki tarehe za miji. Anakumbuka mahali walipopata maji.

Kwa hiyo andika kwamba tarehe 11 Aprili babu yako alikuwa Masaka na boza lake. Andika hivyo hivyo bila kuomba radhi. Usiandike "ingawa hakuingia Kampala", maana hiyo "ingawa" ndiyo itakayomshusha. Na kuna sababu nyingine ya kawaida kabisa: siku ya arobaini yule mzee wa Njombe atakuwapo. Ukimwingiza babu Kampala siku ile, mzee hatakukatiza, watu wa rika lake wana adabu hiyo. Atatazama chini tu. Na maneno yako yote yatakayofuata, hata yaliyo ya kweli, yatampita.

Kabla ya kuandika, fungua sanduku la babu mbele ya bibi, au mbele ya mkubwa wa familia kama bibi hayupo. Tafuta karatasi za kuruhusiwa kurudi nyumbani, namba yake, jina la kikosi, nishani kama ipo. Msipopata kitu, waulizeni wazee wa MUWAWATA, ule muungano wa wanajeshi wastaafu, walio karibu nanyi. Hata kama marehemu hakuwa mwanachama, wapo waliopita njia ileile. Na yule mzee wa Njombe usimwache aondoke na kumbukumbu zake. Mpigie leo. Mwulize boza lilikuwa la aina gani, lilibeba lita ngapi, maji waliyachota wapi, na nani alikuwa akiyagawa.

Hilo la mwisho usilisahau. Soma tena barua yako. Juu umeandika kwamba kuhusu vita babu alisema neno moja: boza la maji. Chini umeandika kwamba kwenye moto alikuwa mkali kwa habari ya maji, kikombe kimoja kimoja, yeye wa mwisho. Mambo hayo mawili umeyaweka mbalimbali kama wageni wasiojuana. Mimi nilipoyasoma niliweka barua chini nikaenda kuchemsha chai. Babu yako alikuwa akiwasimulia vita kila kiangazi, mwanangu, na ninyi mmepanga foleni na kikombe mkononi. Mwulize mzee wa Njombe kama kule nako kulikuwa na kikombe. Akisema ndiyo, una historia yako. Akisema hapana, bado unayo, ila usidai kikombe kilitoka vitani.

Sasa moto. Hapa ndipo ningependa utumie kurasa nyingi, kwa sababu ndugu zako watakaotoka Dar es Salaam wanadhani moto huzimwa kwa gari jekundu lenye mpira wa maji. Nilifundisha Mafinga miaka sita. Wanafunzi wetu wakubwa waliitwa motoni mara kadhaa, na mara moja niliwafuata, na sikai nikasahau. Upande ule ni miti mpaka macho yachoke: shamba la serikali la Sao Hill peke yake lina hekta zaidi ya 130,000, achilia mbali viekari vya wananchi, ambavyo ndivyo ada ya shule, bati za nyumba na akiba ya uzee. Moto wa kwenye paina hauzimwi kwa ndoo. Unaukatia njia. Watu wanatangulia mbele yake, wanafyeka na kukwangua kwa majembe mpaka udongo mtupu uonekane, ili ukifika hapo ukose cha kula. Pembeni wengine wanaupiga kwa matawi mabichi ya milingoti, au kwa kipande cha tairi kilichofungwa kwenye mti. Hupigi kwa kurusha juu, unabonyeza, maana ukirusha unasambaza cheche. Moto hupanda mlima mbio kuliko mtu, basi anayejua hamruhusu kijana kusimama juu yake. Na ukishazimika ndiyo nusu ya kazi, kwa kuwa chini kuna zulia la majani makavu ya paina, nene kama godoro, na moto unaweza kulala humo siku tatu ukaamka mnapokuwa kanisani. Hapo sasa ndipo maji yanapotakiwa, kwenye visiki, na kwa watu.

Ukielewa hivyo utaona kumfukuza kijana aliyemwaga maji ya kunywa hakukuwa ukali wa uzee.

Usiandike haya kwa maneno yangu. Watafute vijana watatu waliokuwa wakimfuata, mmoja awe yule aliyewahi kufukuzwa. Mwulize alirudi lini kwenye kikosi, na babu alimwambia nini aliporudi. Nani alikuwa akigonga rimu babu akiwa anaumwa? Je, mtu aliwahi kuigonga bure, na babu akamfanya nini? Nani anavitaka viatu? Sitanii. Kwenye msiba wa mtu wa namna hii lazima yupo kijana anayevitazama vile viatu na anaona aibu kuomba.

Tufike kwenye kinyungu.

Wakubwa wako wanaogopa, na ninawaelewa. Mtu akishakufa tunamfunika, ndivyo tulivyolelewa. Lakini hebu fikiri: mji mzima unajua. Waliouzima moto ule wapo, watahudhuria, watakula pilau. Ukiwaambia mzee alianza kazi ya moto "kwa moyo wake wa kujitolea", watajua umeruka kitu, na watakijaza wenyewe kwa minong'ono kule jikoni. Afadhali wakisikie kwako kikiwa na ng'ombe wawili na miti iliyopandwa upya, kuliko wakisimuliane kikiwa na moto tu.

Ila ruhusa si yako wala si ya baba zako wadogo. Ni ya yule mama. Kama yu hai, nenda kwake mwenyewe. Usitume ujumbe wa simu. Nenda asubuhi, beba sukari au chochote kinachobebwa kwenu, kaa mpaka akuulize umefuata nini. Mwambie unataka kulisema na utalisema namna gani. Akikataa, acha. Akikubali, mwachie nafasi ya kurekebisha. Ukishapata ruhusa yake, hao wakubwa wapelekee maandishi yaliyokamilika, usiwapelekee wazo. Wazo watalikataa. Karatasi iliyoandikwa vizuri wataomba irudiwe kusomwa.

Kukusaidia kuanza, ningeliandika hivi, nawe ubadilishe ulivyolijua:

"Babu alijifunza moto kwa moto wake mwenyewe. Alichoma kinyungu chake saa saba mchana, saa ambayo baadaye hakumruhusu mtu yeyote kuchoma. Upepo uligeuka. Moto ulipozimika, paina za jirani yetu zilikuwa zimekwisha, ekari mbili. Alitoa ng'ombe wawili, akatumia msimu uliofuata wa mvua kupanda miche. Mwaka huohuo alitafuta rimu ya lori akaitundika kwenye mti wa shule."

Kama rimu ilikuwapo kabla yake, sentensi ya mwisho ifute. Usinipende mimi kuliko ukweli.

Ya kuzaliwa, ya ndoa, ya watoto na wajukuu, yaweke yote mwanzoni katika aya moja, majina yote kamili, hasa ya wale waliotangulia. Ya ugonjwa yatosheleze kwa sentensi mbili. Hospitali haikuwa maisha yake.

SWALI: Mwalimu, marehemu baba yangu aliyekuwa mwanajeshi ameacha magwanda mawili na mkanda. Mdogo wangu anataka kuvaa gwanda moja siku ya kusimika msalaba, asome risala akiwa nalo, kama heshima. Ni sawa?
Mwana wa askari, Makambako

JIBU: Si sawa, na mwambie mdogo wako kabla hajapiga pasi. Raia haruhusiwi kuvaa sare za jeshi, na JWTZ wamekwisha kutangaza mara nyingi kwamba aliye nazo azisalimishe. Pelekeni kambi iliyo karibu au kituo cha polisi, mtu mzima aende nazo, aeleze ni za marehemu. Kabla ya kupeleka zipigeni picha zikiwa zimekunjwa mezani pamoja na picha yake. Nishani na vyeti ni vya familia, vitunzeni mahali pakavu. Mdogo wako avae shati jeupe. Naye ajue inaitwa risala ikiwa anawasomea wageni ujumbe. Anayotaka kusoma yeye ni historia ya baba.

SWALI: Babu yangu alipigana Kagera, bado yu hai, ila nikimwuliza habari za vita anasema "tulishinda" basi. Nimtoe vipi maneno?
Kijana, Songea

JIBU: Humtoi maneno, yeye si mfungwa. Acha kumwuliza habari za vita. Mwulize walikula nini, walilala wapi mvua iliponyesha, nani alipika, viatu viliisha lini na alipata wapi vingine. Mwulize kama ni kweli Waganda waliwaita "bakombozi", na nani alimwita hivyo kwa mara ya kwanza. Mwulize alirudi na nini mkononi, na alikuta nyumbani kuna nini, maana waliporudi nchi ilikuwa imeambiwa ifunge mkanda miezi 18, na ile miezi wengi wetu hatukuiona mwisho wake. Mkae mkifanya kazi ya mikono, kupukuchua mahindi ni kuzuri. Akinyamaza, nawe nyamaza. Simu ya kurekodi usiifiche, iweke mezani aione.

NYONGEZA: Nilimtumia yule mjukuu wa Mufindi jibu lake mapema kwa sababu arobaini haisubiri gazeti. Amenipigia jana. Mzee wa Njombe anasema kikombe kilikuwapo, cha bati, kilifungwa kwa kamba kwenye mlango wa boza, ila hakumbuki kama ndicho hikihiki. Viatu amevichukua yule kijana aliyefukuzwa, vinambana.

Kwa mama mjane alikwenda na sukari kilo mbili. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akasema zile mbao za dari ya nyumba yake ya sasa ni za miti aliyopanda mzee, kwa hiyo aandike tu. Kisha, binti akiwa ameshafika mlangoni, akamwita arudi. "Lakini uandike vilevile kwamba yule ng'ombe wa pili alikuwa hatoi maziwa."

Nimemwambia aliandike.